Cusco: sweta la "baby alpaca" soli 50 sokoni, soli 380 dukani. Tofauti inatoka wapi?

#1 MwanaTanga
Wakuu salaam. Nilikuwa Lima, Peru, kikazi, nikaona nisirudi nyumbani bila kupanda huku Cusco. Mji uko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, baridi ya asubuhi inauma, na kila kona wanauza vya kujifunika: masweta, shali, mablanketi, poncho, na zile kofia za kufunika masikio wanazoita chullo.

Kilichonichanganya ni bei. Soko la San Pedro, na pale Centro Artesanal mwisho wa Avenida El Sol, masweta yamerundikwa mpaka darini. Lebo zote zinasema "baby alpaca", yaani manyoya ya alpaka, mnyama wa huku anayefugwa kwa manyoya yake. Mama anaanza na soli 80, ukipiga hatua kuondoka anakuita kwa 50. Jioni nikaingia duka moja jirani na Plaza de Armas, uwanja mkuu wa mji: lebo inasema vilevile, bei 380, na binti wa dukani hashuki hata soli moja. Soli, pesa ya huku, ni kama robo ya dola na ushei.

Nimeyashika yote mawili. La sokoni ni laini sana, jepesi, rangi zinawaka. La dukani ni laini pia, ila linalala mkononi na rangi zake zimetulia. Naomba mnieleze: hiyo tofauti ya mara saba ni ya uzi, ya ufundi, ya pango la duka, au ni sura yangu ya ugeni? Namtafutia mama sweta, dada zangu shali, na kitu kimoja cha kutundika ukutani. Sitaki kubeba plastiki kutoka nusu ya dunia.

#2 Fundi Cherehani
La soli 50 ni akriliki, uzi wa plastiki. Mtu asikuzungushe. Sweta la mtu mzima linakula karibu nusu kilo ya uzi, na uzi wa alpaka safi wa daraja hilo peke yake unakaribia au kupita hiyo bei, bado hujamlipa aliyefuma. Lebo wanauziana kwa mabunda, mtu anashonea anachotaka.

Pima hivi. Chomoa uzi mdogo pembeni, uwashe. Manyoya ya mnyama yananuka kama nywele iliyoungua, moto unajizimia wenyewe, majivu yanasagika kwa kidole. Akriliki inayeyuka, inadondoka, ikipoa inakuwa punje ngumu kama shanga. Hakuna mjadala hapo.

#3 Kasuku wa Pangani
Fundi, mwenzio yuko ugenini, unampa kazi ya kuwasha kiberiti ndani ya soko la nguo? 😂 Halafu wakuu, hiyo "baby" maana yake wanawanyoa watoto? Dada yangu akisikia hivyo shali atairudisha.

#4 Daktari wa Mifugo
Kasuku, mtoto hanyolewi wala hachinjwi. "Baby" ni daraja la wembamba wa unyoya. Kwa viwango vya Peru, unyoya wa takriban mikroni 20 hadi 23 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ndio unaingia daraja hilo. Wa chini ya hapo ni bora zaidi, wa juu unaitwa fleece, na ule mnene kabisa huishia kwenye mazulia. Mnyama mkubwa mwenye damu nzuri anatoa baby kutoka mgongoni na ubavuni, huku miguu na tumbo la mnyama huyohuyo vikitoa manyoya mabaya. Ndiyo maana wanachambua kwa mkono. Arequipa, ambako ndiko viwanda vikubwa vya manyoya hayo viliko, kuna akina mama wenye kazi hiyo tu: anagusa, anatupa kwenye fungu lake, na kidole chake kinaaminiwa.

Kwa hiyo namrekebisha kidogo Fundi #2. Moto utakwambia kama ni mnyama au plastiki. Hautakwambia ni alpaka, ni kondoo, au ni alpaka ya daraja la zulia. Kati ya soli 50 na 380 kuna ngazi nyingi.

#5 Nyangumi77
Nyie mnaangalia uzi, mimi naangalia mfuko wa nani unajaa. Nimeongoza watalii Arusha miaka mingi. Mgeni akishushwa mlangoni kwa duka la vinyago, dereva ana chake, mwongozaji ana chake, na hivyo vyote vimeshaongezwa juu ya kinyago kabla mgeni hajafungua pochi. Duka la jirani na uwanja mkuu wa Cusco, mji ambao karibu kila anayekwenda kwenye magofu ya Machu Picchu huupitia, haliwezi kuwa tofauti. Pango, kamisheni, taa, binti anayeongea Kiingereza. Naamini nusu ya hizo 380 ni hayo.

#6 Mchongaji Mwenge
Nyangumi umesema kweli lakini haitoshi. Mimi ni mchongaji. Hapa kwetu mgeni anaweza kukuta vinyago viwili vyeusi vinavyofanana, kimoja bei ya chai, kingine bei ya mbuzi. Cha kwanza ni mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Cha pili ni mpingo, ukikitia majini kinazama, na kilimla fundi patasi. Kamisheni ipo kwenye vyote viwili. Kwa hiyo kamisheni haiwezi kueleza kwa nini vimeachana bei.

Mleta mada, mwulize muuzaji swali moja: nani ametengeneza na wapi. Anayejua kazi yake atajibu bila kuangalia pembeni.

#7 Shali na Mkeka
Habari zenu. Nimekaa Cusco nikijifunza kufuma, kwa hiyo hapa nitaongea kwa kirefu mnivumilie.

Mnachanganya kazi tatu tofauti. Kuna sweta la mashine, kuna sweta la sindano za mkono, na kuna kitambaa kilichofumwa kwenye kitanda cha kufumia. Masweta mengi ya Cusco, ya bei zote mbili, ni ya mashine. Ya bei ya chini mengi hutoka Juliaca kule Puno na karakana za Lima, ya bei ya juu kwenye viwanda vinavyotumia uzi wa Arequipa. Hakuna kosa hapo, sweta la mashine la alpaka safi linadumu miaka. Ila usilipe bei ya "kazi ya mikono ya bibi wa milimani" kwa kitu kilichotoka kwenye mashine kabla ya chakula cha mchana.

Kazi ya mikono ambayo Cusco inajulikana kwayo ni kitambaa. Mfumaji anakaa chini, ncha moja ya mtande, yaani nyuzi za urefu, imefungwa kwenye mti au kigingi, nyingine imefungwa kiunoni kwake kwa mkanda, na anakaza au kulegeza kwa mgongo wake mwenyewe. Anapanga nyuzi za mtande kwa vidole na kuzibana kwa kijiti cha mfupa wa lama, mnyama ndugu wa alpaka, kinaitwa ruki. Uzi amesokota mwenyewe kwa pia ya mkono akitembea, akichunga, akiongea. Lliclla, ule mtandio wa mabegani ambao wanawake hubebea mtoto na mzigo, inachukua wiki nyingi. Ukihesabu na kusokota na kutia rangi, ni miezi.

Namna ya kuitambua: kitambaa cha Andes cha mkono hakikatwi kwa mkasi. Kinafumwa kwa kipimo chake, kwa hiyo pindo zote nne zimefungwa na zimekamilika. Na lliclla huwa ni vipande viwili vilivyoshonwa katikati, kwa sababu upana wa kitanda cha kiunoni una mwisho wake. Ukiona "lliclla" pana kama shuka, haina mshono wa kati, na pindo mbili zimepigwa cherehani, hiyo ni ya kiwandani na huuzwa kwa mita. Ndiyo inayoshonwa mikoba na pochi zote zile za rangi kali unazoziona San Pedro.

Nenda Centro de Textiles Tradicionales del Cusco, iko Avenida El Sol hiyohiyo. Ilianzishwa 1996 na Nilda Callañaupa Alvarez, mfumaji wa kijiji cha Chinchero, pamoja na wenzake, na wanafanya kazi na jamii kumi za mkoa. Kila kitambaa kina kikaratasi chenye jina la aliyefuma na kijiji chake. Kuna makumbusho madogo ndani, na mara nyingi utakuta wanawake wamekaa sakafuni wanafuma.

#8 Kasuku wa Pangani
Shali na Mkeka, mada hii sasa ni yako. Mleta mada apishe.

#9 Mjukuu wa Bahari
Dada #7, hizo rangi ni za dawa za dukani au za miti?

#10 Shali na Mkeka
Zipo zote. Za asili: nyekundu inatoka kwa kochinila, kidudu kinachoishi juu ya mpungate. Wanakikausha na kukisaga, unga wake unatoa damu ya mzee. Wakiongeza limau rangi inakimbilia chungwa, wakibadilisha chumvi wanayotilia inasogea zambarau. Peru ndiyo inayoongoza duniani kwa kochinila, na sehemu kubwa huishia kwenye vyakula na rangi za midomo. Kijani wanapata kwa majani ya ch'illca, njano kwa maua ya q'olle, buluu kwa nili. Kushikisha rangi wanatumia shabu, kama ileile tunayoijua sokoni kwetu.

Chinchero utaonyeshwa haya yote bure kwenye viwanja vya wafumaji, hadi mzizi wa saqta unaokunwa ukatoa povu la kufulia manyoya. Onyesho likiisha unapelekwa kwenye meza ya bidhaa. Tahadhari yangu: maonyesho ni ya kweli, meza si lazima iwe ya kweli yote. Kwenye meza moja nimekuta kitambaa cha mama aliyekuwa ananionyesha, na pembeni yake kofia za akriliki kutoka Juliaca.

#11 MwanaTanga
Asanteni sana. Leo nimerudi uwanjani na maswali yenu.

Kwanza San Pedro. Nilimwambia mama mmoja wazi kwamba nataka kujua kama ni alpaka, nikamwomba uzi. Hakukasirika, akachomoa mwenyewe kwenye sweta la kijani. Tulitoka nje, ukayeyuka ukawa punje. Akasema kwa utulivu: hilo ni la bei hiyo, la alpaka liko ndani, akanitolea jingine kwa 160. Uzi wa hilo ulinuka nywele, lakini ncha yake ikabaki na punje ndogo vilevile. Hapo ndipo nilipokwama.

Halafu nikaenda kule alikosema Shali na Mkeka. Kuna lliclla ya kijiji cha Pitumarca ambayo rangi za mtande zinabadilika katikati ya kitambaa, upande mmoja nyekundu upande wa pili buluu, na huoni fundo wala mshono. Sielewi imefanywaje. Bei inapita soli elfu moja. Nilisimama pale muda mrefu.

#12 Fundi Cherehani
Hilo la 160 ni mchanganyiko, alpaka na akriliki, mfano nusu kwa nusu. Na kwa kweli si kitu kibaya: linapasha joto, linafulika. Ubaya ni lebo kusema asilimia mia. Huyo mama wa sokoni ni mkweli kuliko lebo zake, nunua kwake.

#13 Shali na Mkeka
MwanaTanga, hiyo lliclla ya Pitumarca uliyoiona, ufundi wake unaitwa tik'lla. Wanaweka vijiti vya muda katikati ya mtande, kila rangi inageukia kwenye kijiti na kunasana na ya upande wa pili, kisha vijiti vinatolewa. Ni ufundi wa kabla ya Wahispania, ulikuwa umebaki kwa wazee wachache, ukafufuliwa. Hiyo bei si pango la duka. Nyangumi akaisome mara mbili.

#14 Nyangumi77
Nimesoma. Nakubali kitambaa ni kazi. Mimi nilikuwa naongelea sweta la mashine la 380, na hapo bado hamjanijibu. Uzi mzuri tuseme soli mia na ushei, mashine dakika kadhaa. Iliyobaki imekwenda wapi?

#15 Daktari wa Mifugo
Haiendi kwa mfugaji, hilo naweza kukwambia. Wafugaji wa nyanda za juu, Puno na Cusco, wengi wana kundi dogo tu, wananyoa mara moja kwa mwaka na kuuza kwa ratili kwa mchuuzi anayepita na lori. Mara nyingi bei hutajwa kwa jumla bila kuchambua, kwa hiyo mwenye manyoya ya daraja la juu na mwenye ya zulia wanakaribiana malipo. Zaidi ya hapo viwanda vilipenda nyeupe kwa sababu inashika rangi yoyote, basi wafugaji wakabagua. Alpaka wa kahawia, kijivu na weusi wamepungua sana kwenye makundi. Mtalii anasifia rangi za asili, soko lililomlea mnyama limeziua.

Kwa maoni yangu hizo 380 zinakwenda kwenye uchambuzi, usafishaji, usokotaji na ukaguzi wa kiwandani, kisha jina la duka. Huwezi kupata ulaini ule bila hatua hizo.

#16 Nyangumi77
Na kamisheni.

#17 Daktari wa Mifugo
Na kamisheni, haya.

#18 Msomi wa Mtaa
Nje ya mada kidogo. Hilo soko la San Pedro mnalolitaja lilichorwa na Gustave Eiffel yuleyule wa mnara wa Paris, mwaka 1925. Mwongozaji alituambia. Mleta mada inua macho utazame paa la chuma.

#19 Kapteni Kombo
Msomi, Eiffel alifariki Desemba 1923, na biashara ya ujenzi aliiacha miaka ya 1890 baada ya kashfa ya mfereji wa Panama. Mtu hawezi kuchora soko akiwa kaburini. Kila mji wa Amerika Kusini wenye paa la chuma unamtaja yeye.

#20 Msomi wa Mtaa
Mchoro unaweza kuchorwa mapema, jengo likaja baadaye. Ama ni watu wa kampuni yake. Sijaona ushahidi wa kukataa moja kwa moja.

#21 Kapteni Kombo
Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, mkuu. Turudi kwenye masweta.

#22 Dada wa Bujumbura
Hapo ndugu aliposema ukipiga hatua kuondoka unaitwa kwa 50 pameniuma. Huyo mama ameketi baridini kutwa. Sisi tumepita huko na mume wangu, tuliamua kitambaa cha mkono hatulalii bei kabisa. Unalalia nini, miezi ya mtu? Kwa vitu vya kiwandani sawa, punguza kidogo, lakini si kumkamua mtu kwa ajili ya soli tano ambazo wewe unaziacha mezani mgahawani.

#23 Mchongaji Mwenge
Dada, naheshimu moyo wako, ila mimi niko upande wa pili wa meza. Anayelipa bei ya kwanza bila neno ananifurahisha siku hiyo, na kesho anamharibia anayefuata, maana nitaanza juu zaidi. Kupatana bei ni mazungumzo. Anayenidharau ni yule anayetaja robo ya bei huku akicheka na wenzake. Anayeuliza mti gani, umechukua muda gani, kisha akaomba nimpunguzie, huyo nampunguzia kwa furaha.

#24 Shali na Mkeka
Huko Cusco muuzaji wa kudumu unamwita casera au caserita, naye anakuita hivyohivyo. Nunua vitu viwili vitatu kwa mtu mmoja, kisha omba yapa, nyongeza. Atakutupia kikuku cha uzi au kofia ya mtoto. Kwenye chakula ndiyo zaidi, juisi za San Pedro ukimaliza bilauri anakuongezea iliyobaki. Inakwenda vizuri kuliko kuvutana kwa soli tano.

Kwa ile Centro de Textiles bei haijadiliwi, na ni sawa.

#25 Abu Salim Muscat
Assalaam alaykum. Nadhani hamjataja la muhimu kwa wanaorudi kupitia huku Ghuba. Majani ya koka Cusco yanauzwa kama chai, hotelini wanakuwekea mezani bure kwa ajili ya kizunguzungu cha mwinuko, sokoni kuna peremende na mifuko ya chai ya zawadi. Peru ni halali. Ukitoka nje ya nchi hiyo, jani la koka liko kwenye orodha ya dawa za kulevya ya mkataba wa kimataifa wa 1961. Usithubutu kupita nalo Doha, Dubai wala Muscat, hata mfuko mmoja wa chai. Kagua mpaka mifuko ya koti.

La pili: mkiambiwa shali ni ya vikunya kwa soli 100, kimbieni. Vikunya ni yule mnyama wa porini, unyoya wake wa mikroni 12 au 13, mwembamba kupita wa alpaka yoyote. Shali yake halisi ni mamia ya dola, inauzwa na wenye leseni na ina alama maalumu.

#26 Daktari wa Mifugo
Naongezea kwa Abu Salim. Vikunya waliwindwa karibu waishe kufikia miaka ya 1960, ndipo hifadhi ya Pampa Galeras ikaanzishwa Ayacucho 1967. Leo wanajamii hushikana mikono au kamba wakawazunguka, mtindo wa chaccu uliokuwepo tangu Wainka, wananyolewa kisha wanaachiwa. Mnyama mmoja hutoa gramu mia mbili na kitu, na haruhusiwi kunyolewa tena mpaka manyoya yarudi. Bei yake haitengenezwi na duka.

#27 Kapteni Kombo
Kitu cha ukutani: chukua fahali wa Pucará, MwanaTanga. Wawili wawili wa udongo, wanasimamishwa juu ya paa la nyumba kulinda nyumba. Kila kijiji cha Cusco utawaona. Ni alama ya Cusco kabisa.

#28 Shali na Mkeka
Wazuri, ila kwao si Cusco, ni mkoa wa Puno. Na hata Pucará si walikozaliwa. Wafinyanzi wengi walikuwa Checca Pupuja, wakawaleta kuuza kwenye stesheni ya reli ya Pucará, abiria wakawapa jina la stesheni. Na wanakaa mezani au juu ya paa, ukutani hapana.

Cha Cusco ni watakatifu wa shingo ndefu wa Hilario Mendívil, aliyefariki 1977. Karakana yake imekuwa makumbusho ya familia pale kiwanja cha San Blas. Shingo zile wanasema alizitoa kwa lama. San Blas kwenyewe ni mtaa wa mafundi tangu zamani, kupanda kwake ngazi kunakata pumzi, nenda polepole.

#29 KibuyuWaKitui
Hamjambo kutoka Kenya. Nashangaa hakuna aliyetaja vibuyu. Mates burilados, vibuyu vilivyochorwa kwa ncha ya chuma na kuunguzwa kwa kijinga cha moto ili kupata vivuli vya kahawia. Vinatoka Cochas Grande na Cochas Chico karibu na Huancayo, lakini hadi Cusco vinafika. Kibuyu kimoja kina harusi nzima, mavuno, ng'ombe, bendi ya muziki, vyote vidogo kama mchele. Kwetu Ukambani tunachora vibuyu pia, nilipokiona mara ya kwanza nilikigeuza mkononi nikashindwa kukiweka chini. Chepesi, hakivunjiki hovyo, hakina mashaka ya akriliki. Tazama tu mistari: ikiwa ya kina sawa na inajirudia kila kibuyu, ni kazi ya haraka haraka ya watalii.

#30 Msomi wa Mtaa
Retablo pia jamani. Sanduku la mbao lenye milango miwili, ndani ghorofa za watu wadogo. Ya Ayacucho. Joaquín López Antay alipewa tuzo ya taifa ya utamaduni ya 1975 kwa retablo zake, na wachoraji wa Lima wakapinga kwamba fundi wa vijijini hawezi kuitwa msanii. Hilo nina uhakika nalo, Kapteni.

#31 Kapteni Kombo
Hilo ni kweli, sina neno.

#32 Mjukuu wa Bahari
Na kofia za chullo za kweli ni zipi? Nimesikia kuna kisiwa wanaume ndio wanafuma.

#33 Shali na Mkeka
Taquile, ziwa Titicaca. UNESCO ilitambua ufumaji wao 2005. Mvulana anajifunza sindano angali mdogo, na kofia yake inaonyesha kama ameoa. Sindano nyembamba sana, kofia inakuwa ngumu kiasi cha kusimama. Hata Lamu utakuta wanaume wamekaa barazani wanadarizi kofia, kwa hiyo msishangae.

#34 Nyangumi77
Kama una muda vuka uende La Paz, Bolivia, mitaa ya Sagárnaga na Linares. Bei za chini kuliko Cusco kwa vitambaa vya zamani. Ila jiandae, pale kwenye soko la wachawi wanatundika vijusi vya lama vilivyokaushwa, huzikwa chini ya msingi wa nyumba kama sadaka kwa Pachamama, mama wa ardhi katika imani yao. Mke wangu alitoka mbio.

#35 Abu Salim Muscat
Vitambaa vya zamani angalieni. Chochote cha kabla ya Wahispania, chungu, kitambaa cha kaburini, hakitoki Peru, ni urithi wa taifa kwa sheria. Hata nakala nzuri sana inaweza kukuzuia uwanja wa ndege. Wizara ya Utamaduni inatoa cheti kwamba si urithi, kiombeni kabla ya safari.

#36 MwanaTanga
Nimenunua. Kwa mama: sweta la kijivu lisilotiwa rangi, la dukani, si lile duka la kwanza. Lebo inaeleza asilimia na daraja, na binti alinionyesha hata yale ya mchanganyiko na bei zake bila kuficha. Soli 290. Dada zangu: shali za mchanganyiko kwa yule mama wa San Pedro, nilimwambia nimerudi kwa sababu alisema ukweli, akanipa yapa kikuku. Ukutani: mkanda mwembamba wa chumpi kutoka Centro de Textiles, uliofumwa Chinchero, jina la mfumaji liko kwenye kikaratasi. Lliclla ya Pitumarca niliiacha, lakini bado naiwaza.

Nilitaka na hereni za fedha.

#37 Fundi Cherehani
Hereni tafuta mhuri wa 950, ndicho kipimo cha Peru. Zile za bei rahisi nyingi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, hazina fedha ndani. Masikio yatawasha.

#38 Nyangumi77
Soli 290 kwa sweta, na lile duka la kwanza 380. Mnaona? Hizo 90 ndizo nilizokuwa nasema.

#39 Daktari wa Mifugo
Au ni daraja tofauti, au uzi wa nyuzi mbili dhidi ya moja. Bila darubini hatujui.

#40 Dada wa Bujumbura
Au hilo duka la 380 linalipa wafanyakazi wake vizuri. Hilo hamlifikirii.

#41 Zawadi ya Desemba
Wakuu, mimi nitakuwa Cusco sikukuu ya Krismasi. Kuna tofauti yoyote ya kununua wakati huo?

#42 Shali na Mkeka
Kubwa. Tarehe 24 Desemba Plaza de Armas inageuka soko la Santurantikuy. Mafundi wanashuka na sanamu za Mtoto Yesu, wanamwita Manuelito, na vifaa vyote vya hori, pamoja na ufinyanzi na uchongaji. Wengi ni mafundi wenyewe, si wachuuzi. Nenda mapema asubuhi, mchana mvua ya msimu inaweza kuwafunika kwa mapolithini.

#43 MwanaTanga
Swali la mwisho kwa leo: mama anakaa Tanga, joto na unyevu. Sweta hilo atalivaa akienda Lushoto tu. Litatunzwaje?

#44 Fundi Cherehani
Maji ya baridi, sabuni laini au shampuu, asikamue, aliviringishe kwenye taulo kisha alianike likiwa limelazwa kivulini. Akilitundika kwenye kamba litarefuka mpaka magotini. Kuhifadhi: lioshwe kwanza, mfuko wa kitambaa, karafuu ndani kufukuza nondo.

#45 Daktari wa Mifugo
Karafuu haiui mayai ya nondo. Alifunge vizuri aliweke kwenye friza siku chache kabla ya kulihifadhi.

#46 Mjukuu wa Bahari
Friza ya samaki? Sweta la soli 290?

#47 Fundi Cherehani
Karafuu. Bibi zetu Pemba hawakuwa na friza na mablanketi yao yapo mpaka leo.